Siku Nilipopakua Biriani kwa Sigma-Delta

Nianze kwa kukiri, maana najua mumeshasikia kwa wengine na kila mmoja ameongeza chumvi yake: ndiyo, ni mimi Munira niliyewanyima nyama wakwe wa mdogo wangu mbele ya halaiki ya wanawake, kisha nikashika kipaza sauti kuwaeleza kwamba hawajanyimwa. Ile ya kwamba nilikimbia nikajifungia chooni si kweli (nilijifungia stoo, chooni kulikuwa na foleni). Hadi leo nikipita mtaa wa Bondeni kuna dada mmoja muuza vitambaa akiniona hunifanyia ishara ya kupakua kwa mkono, taratibu, kisha anaangua kicheko, nami hucheka naye, nitafanyaje.

Sasa ili mujue aibu yangu ilikuwa ya kisomi, si aibu ya hivi hivi, lazima niwaeleze kazi yangu, na naahidi sitawachosha kama nilivyowachosha wale. Mimi ni mhandisi wa vyombo vya kupimia, kampuni yetu inatengeneza mizani za elektroniki za kupimia mizigo, na jioni nilikuwa nasomea shahada ya uzamili. Ndani ya mizani kama hizo mna kijidude kiitwacho kigeuzi cha sigma-delta, kazi yake kuuchukua uzito na kuugeuza kuwa tarakimu, na ndani ya kijidude hicho mna vipande vidogo vidogo vinavyotakiwa vilingane sawasawa, kila kimoja kichangie kiasi kilekile. Bila shaka havilingani. Kiwanda hakijawahi kutoa vitu viwili vikawa sawa, kimoja kitazidi unywele, kingine kitapungua unywele, na hizo nywele zikijumlishana zinaharibu kipimo kizima. Tasnifu yangu yote (kurasa nyingi, wasomaji watatu, mmoja wao mimi) ilikuwa juu ya dawa ya maradhi hayo, na dawa yenyewe ni nyepesi hadi inaudhi: usihangaike kuvilinganisha vipande, vipe zamu. Kikifanya kazi hiki, kifuate kile, kisha kingine, mzunguko usikatike, ili kosa la aliyezidi lifutwe na kosa la aliyepungua, na mwisho wa yote wastani utoke safi.

Mumeona? Ni jambo zuri. Ni jambo zuri sana likibaki ndani ya kijidude.

Mdogo wangu Swaumu alikuwa anaolewa, na chakula cha mchana cha wanawake kiliandaliwa nyumbani kwa marehemu bibi yetu, Mji wa Kale wa Mombasa, uchochoro mzima umefungwa turubai juu na mikeka chini. Msimamizi wa kila kitu alikuwa Shangazi Tima, ambaye kwa miaka yote amesimamia harusi za ukoo kwa sauti yake tu, bila kipaza. Lakini harusi iliyotangulia kulikuwa na mzozo wa nyama. Watu wa upande mmoja walipewa mifupa, wakanuna, wakaondoka bila kuaga, na Shangazi lile neno lilimkaa kooni. Ukimtajia harusi ile alikuwa anajifanya hasikii vizuri sikio la kushoto.

Na kulikuwa na jambo langu mimi, na hili ndilo lililonifanya nijitie kimbelembele. Nilikuwa na mtu, Nassir, fundi wa mitambo bandarini, kijana wa watu, nampenda, nasema wazi maana umri wa kuficha ulishanipita. Nassir alikuwa tayari kuleta posa. Mamake, Bi Zuhura, hakukataa, ila ni mama wa maneno machache, na katika machache hayo alisema hivi: msichana anayeshinda na nyaya mchana na vitabu usiku, yeye hana neno naye, lakini angependa kumuona kwenye shughuli kabla wazee hawajasumbuliwa. Kwenye shughuli! Yaani aone mikono yangu inajua nini zaidi ya bisibisi. Basi Shangazi akamwalika Bi Zuhura kwenye harusi ya Swaumu, akaniita kando, akaniambia mtihani wangu ni siku hiyo.

"Utasimamia kupakua," akasema. "Akuone umejifunga leso kiunoni, sufuria zote ziko chini yako. Sitaki aibu nyingine ya nyama, Munira."

"Shangazi, mara hii hakuna atakayelalama. Niachie mimi."

"Utafanya nini wewe?"

"Zamu."

"Zamu! Kwani hapa ni kisimani?"

Nikamweleza. Nilimweleza vipande, nikamweleza unywele kuzidi na unywele kupungua, nikamchorea kwa unga juu ya kaunta ya jikoni, na Shangazi akatazama ule unga, akapangusa kaunta, akasema haya, madamu watu watashiba. Mimi nilichukua hiyo kuwa idhini.

Wapakuaji walikuwa wanne, na hapo ndipo tasnifu yangu ilipopata miguu. Wa kwanza binamu yangu Mwanaesha, mkono wake mkubwa, akichota nyama anachota kama anahama nyumba. Wa pili Kadzo, mwenzangu wa kazini, kwao Kaloleni, Mkristo wa kanisa la kila Jumapili lakini harusi zetu hazimpiti, na mkono wake ni wa haki, huyo sina la kusema. Wa tatu binamu mwingine, Saumu (si Swaumu bibi harusi), ambaye akipakua huku anapiga domo (na hajawahi kupakua bila kupiga domo) upawa wake unaangukia viazi tu. Wa nne Bi Khadija, mke wa ami yangu, mwanamke mwema, atakulelea mtoto, atakuuguza, atakupa kanga yake mwenyewe, lakini mbele ya sufuria ya nyama ana mkono wa birika, akichota kipande anakitazama kwanza kama anaagana nacho.

Nikawatazama wale wanne nikaona vipande vyangu visivyolingana, na wallahi nilifurahi. Mtu wa kawaida angesema Bi Khadija apewe kazi ya kachumbari. Mimi nikasema hapana, hatumtoi mtu, makosa yenu yatafutana. Utaratibu: kila sinia linapakuliwa na mtu mmoja, Mwanaesha, kisha Kadzo, kisha Saumu, kisha Bi Khadija, kisha tunarudi kwa Mwanaesha, hakuna kuruka zamu, hakuna kuongeza, hakuna kupunguza. Shangazi alikuwa na desturi ya kumweka mtu mlangoni na bakuli la nyama ya akiba, akiona sinia limepwaya anadondoshea vipande. Nikaipiga marufuku. Nikasema itavuruga hesabu.

Na ningeishia hapo, jamani, ningeishia hapo tu, sinia linatoka na linakwenda popote, huyu kapata la Mwanaesha, mwenzake la Bi Khadija, wangemegeana na mambo yangekwisha. Lakini mimi siwezi kuona kitu kimekaa ovyo. Nikatazama uchochoro nikaona safu za mikeka ni nne: ya kwanza karibu na mlango wa jikoni walikaa watu wetu wenyewe, ya pili majirani, ya tatu marafiki wa bibi harusi, na ya nne kule mwisho, penye upepo wa bahari, pahali pazuri kuliko pote, tuliwakalisha wageni wa heshima, yaani wanawake wa upande wa bwana harusi, na katikati yao Bi Zuhura na dada zake wawili. Nikawaita wasichana wanaobeba masinia nikawaambia nanyi mwende kwa zamu: safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha murudi ya kwanza, ili asiwepo wa kusema fulani kahudumiwa kabla yetu. Nilijiona nina akili mpaka nikaogopa kijicho.

Basi tukaanza. Sufuria zimefunuliwa, harufu imetanda, wali wa rangi tatu, nyama imelainika inaachana na mfupa yenyewe, na mimi katikati na leso kiunoni naita majina, "Mwanaesha! Kadzo! Saumu! Bi Khadija!" kama mtu anayeongoza bendi. Masinia yanatoka, hakuna kugongana, hakuna kelele. Nikachungulia nje nikamuona Bi Zuhura ameketi wima, ushungi umemkaa, anatazama upande wa jikoni, nikamwamkia kwa mbali, akaitikia kwa kichwa. Moyo wangu ulikuwa umeshafika kwenye posa, umeshapakwa na hina.

Kadzo ndiye wa kwanza kunong'ona. "Munira, kule mwisho wanatazamana."

"Wanatazamana kwa nini?"

"Sinia lao ni wali. Mlima wa wali na vipande viwili vimejificha."

"La kwanza hilo," nikamwambia. "Subiri. Linalofuata litafidia, kosa haliwezi kukaa upande mmoja."

Nilisema kwa sauti ya mtu aliyefanya utafiti. Likaenda la pili, likaenda la tatu, na Kadzo akachungulia nje, akanigeukia na uso mwingine. "Hata haya ni vivyo hivyo. Na safu ya kwanza, mwenzangu, watu wenu wale wanatupiana nyama."

Hapo mtu mwenye akili angeenda kutazama. Mimi niliyekuwa na shahada moja na nusu nikasema tatizo ni kwamba tunakwenda polepole, mzunguko ukiwa wa kasi wastani unatulia haraka (na katika kijidude ni kweli, msinicheke), nikawahimiza, "Haraka! Haraka! Mwanaesha, Kadzo, Saumu, Bi Khadija!" na tukapakua kwa kasi ambayo jikoni ile haijawahi kuiona, na kila sinia la Bi Khadija, mlima wa wali na vipande viwili, likawa linakwenda mbio, kwa uaminifu mkubwa, bila kukosea njia hata mara moja, kule penye upepo wa bahari.

Kisha nikasikia vugo.

Kwa wasiojua, vugo ni zile pembe ambazo wanawake hupiga kwa vijiti wakiimba kwenye harusi, na mwanamke wa Mombasa mwenye vugo mkononi na jambo moyoni hahitaji wakili. Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuja na zao, za kumwimbia bibi harusi. Wakaziokota, na siwaambii ni nani aliyetunga, lakini ubeti ulitoka umekamilika, safu nzima inaitikia:

"Tumekuja, tumeketi, wali tumeuona,
Mbuzi mliyemchinja, mbona hatujamuona?"

Uchochoro wote ukanyamaza kutafuna. Safu ya kwanza, watu wetu, wakabaki wameshika mifupa mikononi kama ushahidi. Shangazi akatokea mlangoni mwa jikoni, sijamuona na uso ule tangu msiba wa bibi, akasema kwa sauti ndogo (na Shangazi hana sauti ndogo), "Munira. Wakwe wanaimba."

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana mpaka hapo bado nilikuwa naweza kuokoka. Kulikuwa na kipaza sauti cha kukodi kwa ajili ya waimbaji. Nikajipangusa mikono, nikatoka mpaka kwenye kizingiti, nikakichukua. Nilitaka kuwatuliza tu. Nikasema, na sauti ikaenda mpaka barabara kubwa, "Mabibi zetu watukufu, karibuni sana, naomba muwe na subira, hakuna aliyepunjwa. Ukiyachukua masinia yote ukayajumlisha, kwa wastani kila sinia lina nyama ya kutosha."

Halafu bibi mmoja wa safu ya nne, mnene, ana vugo mapajani, akaniuliza bila kipaza na kila mtu akamsikia:

"Basi mwanangu, huyo Wastani mwambie asogee huku. Sisi hatujaonana naye tangu tufike."

Vicheko! Walicheka safu ya nne, wakacheka safu ya tatu waliojaziwa viazi, wakacheka majirani, wakacheka watu wetu huku midomo imejaa, na kutoka dirisha la juu nikasikia kicheko nakijua, cha bibi harusi mwenyewe, Swaumu, na hina yake. Aliyekuwa hacheki ni mmoja. Bi Zuhura alikuwa ananitazama kwa utulivu, kama mtu anayesoma kibandiko cha dawa kabla hajaamua kuinywa.

Na pale pale kwenye kizingiti, kipaza mkononi, ndipo nilipoona. Sikuwahi kusimama mahali pa kuziona safu zote kwa pamoja. Safu ya kwanza, nyama mtindo mmoja. Ya pili, sawasawa kabisa. Ya tatu, viazi. Ya nne, wali. Wapakuaji wanne, safu nne, wote kwa zamu, kila aliyepakua amekabidhiwa safu yake na mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa jina la haki. Nikaikumbuka sura ya nne ya tasnifu yangu. Ni sura ya onyo. Inasema zamu ni dawa, isipokuwa zamu ikienda sambamba na mwendo wa kile kinachopimwa, hapo makosa hayafutani tena bali hurudi palepale kila mzunguko, yakajikusanya mpaka yakatoa sauti. Ndani ya kigeuzi sauti hiyo ni mlio mwembamba. Mtaani kwetu ni vugo. Nilikuwa naitazama sura yangu ya nne imeketi mkekani inakula wali mtupu, sura niliyoiandika, nikaisahihisha, nikaifungia jalada!

Na sura ile ile inataja tiba: vuruga zamu, vipande vifanye kazi bila mpango ili makosa yasipate pa kujikusanya. Mngesema sasa nimejifunza. Nilirudi jikoni nikapiga kelele, "Acheni zamu! Yeyote apakue wakati wowote!" na wale wanne, ambao nilikuwa nimewafunga kwa nidhamu ya jeshi, wakarukia sufuria kwa pamoja, pawa zikagongana, Saumu akamkanyaga Kadzo, Bi Khadija akakumbatia sufuria ya nyama kwa mikono miwili akisema itakwisha hii, itakwisha, na Shangazi akimvuta leso kwa nyuma. Nikamnyang'anya. Ndiyo, nilimnyang'anya sufuria mke wa ami yangu. Nikachukua sinia kubwa kuliko yote, nikamimina nyama yote iliyobaki, sikutia hata punje ya wali, nikaliinua mwenyewe, nikatoka nalo, nikapita safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mchuzi unanitiririkia kwenye viwiko, mpaka kwa wageni wa heshima, nikapiga magoti mbele ya Bi Zuhura.

Walikuwa wameshanawa.

Msichana wa birika alikuwa anamalizia kumwagia maji dada wa pili wa Bi Zuhura. Bi Zuhura alikuwa anajifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, na mnajua kwetu mtu akishanawa amenawa, hata ulete nini. Akalitazama sinia, akanitazama mimi, akasema kwa upole ambao heri angenipiga, "Alhamdulillahi, mwanangu. Tumeshiba."

Nikabaki nimepiga magoti na rundo la nyama mikononi, sijui niliteue lipi, niinuke au niseme kitu au nizame, na kutoka nyuma yangu, safu ya kwanza, jamaa zangu wa damu, mamake binamu Saumu akaita kwa furaha:

"Munira, kama hawali lete huku!"

Hapo ndipo nilipokwenda stoo.

Niliketi juu ya gunia la viazi vilivyobaki, vya soko la Marikiti, nikalia kilio cha kweli. Sikulia kwa ajili ya biriani. Nililia kwa kuwa nilimtaka yule mtu, na mtihani wenyewe haukuwa mgumu, ilikuwa ni kupakua chakula tu, kazi ambayo kila mwanamke aliyekuwa pale angeifanya amefumba macho, na mimi niliyeifanya kwa macho mawili na vitabu nimeanguka. Kadzo akaja kugonga baada ya watu kutawanyika.

"Toka, mwenzangu. Wamekwenda."

"Wamesema nini?"

"Wamesema biriani ilikuwa tamu. Wale walioionja."

"Na Bi Zuhura?"

"Hajasema neno. Amemuaga shangazi yako kwa heshima zote, akaenda."

Jioni Nassir akapiga simu. Nikamuuliza mama vipi, akasita, nikamwambia sema tu. "Mama amefika salama," akasema. "Amekula mkate na chai." Kisha, na nilimsikia anavyojizuia asicheke, akauliza, "Munira, hivi kazini unafanya nini hasa?"

Mkate na chai. Ametoka harusini!

Shangazi hakunigombeza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Baada ya siku kadhaa alishusha bakuli lake la kauri la maua, lile ambalo hamruhusu mtu kuligusa, akaliweka mbele yangu akasema pika. Nikapika peke yangu, nyama ya mchuzi wa biriani, bila wali, bila kiazi, bila nadharia yoyote, nikaonja hadi ulimi ukafa ganzi, tukalifunga kwa kitambaa tukalipeleka kwa Bi Zuhura pamoja na salamu za kutaka radhi. Kisha tukangoja bakuli. Mnaelewa tulichokuwa tunangoja. Chombo cha watu hakirudi kitupu kwetu, utatia hata ndimu mbili, hata sukari kidogo, na anayekurudishia kitupu amekwambia kila kitu bila kufungua mdomo. Shangazi alihamia dirishani. Kila mlango ukigongwa mimi nilikuwa naingia chumbani, na Nassir nilimkataza asinipigie, nisije nikamuuliza.

Bakuli lilirudi na mdogo wa kike wa Nassir. Nililipokea, nikaona lina uzito, nikaketi ngazini. Nikafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na viazi vya mchuzi, vinne, kimoja kikubwa kama ngumi, kimoja cha wastani, kimoja kidogo, na kimoja hata sijui alikitoa wapi, kama gololi. Shangazi akavitazama, akanitazama, hakujua acheke au alie.

"Mama asema havilingani," yule msichana akasema, na alikuwa amekariri, maana alitazama juu, "lakini vyote ni vya sufuria moja. Na asema Ijumaa wazee wanakuja kuposa. Na asema wewe usipike, usipakue, ukae."

Nilivila vyote vinne palepale ngazini, na vile nilivyokuwa nalia sijui vilikuwa na chumvi kiasi gani.

Tasnifu nilipasi, kama kuna anayejali. Wasahihishaji walisifu sana sura ya nne, wakasema mwandishi anaonekana analielewa tatizo kwa undani.

Na nadhiri nimeweka, ninyi ni mashahidi: makosa ya vipande nitayasawazisha kazini, nalipwa kwa hilo, lakini upawa wa shughuli sitaushika tena, wala sitamuelekeza aliyeushika, wala sitatamka neno wastani mbele ya mwenye njaa. Nimeshajaribiwa. Siku ya harusi yangu mwenyewe niliketi juu kwenye kitanda cha bibi harusi, nimepambwa, nimetulia, nasikia vishindo vya pawa chini na sikuuliza kitu, mpaka sinia langu likaletwa. Nikafunua kawa. Mlima wa wali na vipande viwili vimejificha. Mkono ule nilijua ni wa nani, na Bi Zuhura, mama mkwe wangu, alikuwa ameketi pembeni yangu, analitazama sinia, kisha akanitazama mimi, anangoja. Nikala vyote hadi punje ya mwisho, nikanawa, nikasema, "Alhamdulillahi. Nimeshiba."